Kadi ya Norbert Haina Wembe

Jumamosi, 4 Januari. Oshkosh

Binti yetu Krista alinipa daftari hili Krismasi, eti kila siku niandike jambo moja la kumshukuru Mungu. Haya. Namshukuru Mungu kwamba choo cha wanawake katika ukumbi wa maonyesho ya kadi hakina foleni. Hakina foleni kwa sababu wanawake wenye akili zao wako nyumbani. Ni mimi tu niliyekaa kutwa nzima kwenye kiti cha bati, nikitazama mijitu mizima yenye mvi ikibembeleza vikaratasi vigumu vyenye picha za wacheza besiboli.

Zamani mume wangu Norbert alikuwa akienda mwenyewe kuuza kadi hizo. Majira yote ya baridi, kila wikendi, anapakia maboksi yake garini, ananiacha na amani yangu. Nilizipenda wikendi zile kuliko Krismasi. Sasa macho yamemtupa. Doa limekaa katikati ya kila anachokitazama. Pembeni anaona, kwa hiyo anatembea ukumbini bila kugonga meza, lakini uso wa mtu haoni, na kadi mkononi mwake ndiyo haioni kabisa. Daktari anamchoma sindano ndani ya jicho kila mwezi. Leseni amekwisha kuirudisha. Dereva sasa ni mimi.

Na hakuna anayetakiwa kujua. "Wakijua sioni, Arlys, basi, nimekwisha," aliniambia jikoni. Nikamwuliza amekwishaje, si kadi tu? Kwa hiyo tumewadanganya wenzake kwamba uzeeni nimezipenda kadi. Mimi! Leo wamenipa mkono wa pongezi watu ambao sidhani kama kucha zao zimewahi kuona sabuni.

Jumapili, 5 Januari

Kazi yangu ni kusalimia. Mtu akisogea mezani namwita jina kwa sauti, ili Norbert ajue anaongea na nani. "Habari za asubuhi, Gordy!" "Hujambo, Lavern!" Wanadhani ni ukarimu.

Gordy Pasch ndiye aliyenichosha kuliko wote. Tumbo limemtangulia, jezi ya timu ya Green Bay ina madoa ya haradali ya tangu msimu uliopita, na saa mbili asubuhi yuko na karatasi ya jibini la kukaanga mkononi. Huyo ni mwuzaji mwenzake Norbert, meza yake iko mkabala na yetu.

"Shemeji!" alinijibu. "Hiyo ni salamu au ni king'ora? Nimedhani ukumbi unaungua!"

Akacheka peke yake, akafuta vidole kwenye suruali, akaja kuegemea meza yetu. Milango ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Mzee, kuna nini kipya? Lete boksi."

Boksi analolitaka ni lile la chini ya meza, Norbert anamotia kadi alizonunua majuzi kutoka kwa watu wanaokuja mezani kuuza. Norbert akalisukuma kwa mguu. Gordy akachakura humo na mikono yake hiyo.

Jumamosi, 11 Januari. Sheboygan

Upepo wa ziwani leo ulitaka kuning'oa masikio. Ndani, harufu ya kahawa iliyoungua na makoti mabichi.

Nimeelewa kitu kimoja, nakiandika nisije nikakisahau kwa dharau. Kadi ya zamani hulika kona. Wapo waovu wanaochukua wembe wakaipunguza ukingo kidogo, kona ikarudi kuwa kali, kadi ikaonekana kama ya jana. Lakini imeshakuwa fupi kwa upana wa unywele, na kwa watu hawa kadi fupi ni mzoga. Ukiuza moja tu, hata kwa bahati mbaya, meza yako haisogelewi tena. Leo mteja alitaka kuitoa kadi kwenye kifuko aipime kwa rula. Jirani yake akamshika mkono.

"We, umetoka wapi? Hiyo ni meza ya Norbert Wiesner. Kadi ya Norbert haina wembe."

Mteja akairudisha rula mfukoni, akalipa. Norbert alikaa wima kitini kama anapigwa picha. Mwanamume wa miaka sabini na moja anavimba kichwa kwa ajili ya karatasi! Nilitazama pembeni nisicheke.

Jumapili, 12 Januari

Theluji. Watu wachache. Gordy kala soseji tatu.

Jumamosi, 18 Januari. Appleton

Hatimaye nimekutana na binadamu. Anaitwa Kyler, kijana wa miaka ishirini na kitu, amenyoa vizuri, shati limepigwa pasi, anabeba sanduku la chuma lenye vibanio vinavyolia ka, ka. Alivua kofia kabla ya kunisalimia. "Shikamoo mama." Nilitaka kumwuliza amepotea njia au vipi.

Babu yake kafariki, kamwachia kadi za miaka ya hamsini, anahitaji kuziuza kidogo kidogo kwa mtu mwaminifu. Norbert akazishika, akaziinua kwenye mwanga, akazigeuza, maigizo matupu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mzaha, kama tulivyokubaliana, "Haya mtaalamu, unasemaje?"

Nikazitazama. "Zinang'aa. Kona zote kali, hakuna hata moja iliyolika."

Akanunua. Kyler akaniinamia kichwa akienda. Kweli malezi hayajifichi.

Jumapili, 19 Januari

Gordy alikuja tena kabla ya milango. Leo nilimwangalia vizuri. Alitoa kadi tatu kwenye boksi, akazitia mfukoni mwa koti, akaingiza nyingine tatu kutoka mfuko wa pili. Hakuomba, hakusema. Domo lote linaongea habari za goti lake.

Nikiwa garini nikamwambia Norbert. "Yule rafiki yako anabadilisha kadi zako."

"Gordy ni Gordy. Mwache."

"Nimwache aibe?"

"Arlys, tazama barabara."

Jumamosi, 25 Januari

Hatukwenda. Barabara ni barafu tupu. Nimeoka mkate, nimesikiliza redio, sikuona ndevu hata moja. Namshukuru Mungu. Krista ataridhika.

Jumapili, 2 Februari. Oshkosh

Kyler kaleta tano. Za babu yake zilezile, nzuri kupita zile za kwanza. Kaniletea na biskuti alizooka mama yake. Norbert alisitasita, akizipapasa muda mrefu, mpaka nikaona aibu mbele ya kijana wa watu. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akanunua.

Jioni Norbert alifanya anachokifanya siku hizi kila tunaporudi. Anaweka lile boksi mezani jikoni, anapitisha vidole kwenye kadi moja moja, polepole. Mahali fulani anasimama, anapapasa tena. Leo alisimama mara nyingi. Alipomaliza alikwenda kulala bila kugusa pai ya tofaa. Norbert na pai! Nimeitia kwenye friji.

Jumamosi, 8 Februari. Fond du Lac

Leo nimeona na mengine. Kadi anazoingiza Gordy ziko kwenye vifuko vya plastiki vinene, vya bei rahisi, vimechakaa. Vya Norbert ni vyembamba, safi. Yaani jizi lenyewe halina hata haya ya kununua vifuko vinavyofanana! Anajua mzee haoni. Namna gani amejua sijui, lakini anajua, na anamla mchana kweupe huku anamwita kaka.

Nilimwambia Gordy, nikitabasamu kwa meno, "Shemeji, mifuko ya koti lako itatoboka."

"Ilishatoboka zamani," akajibu. "Ndiyo maana sina kitu." Akacheka, akapiga chafya, akaondoka.

Jumapili, 9 Februari

Kumi na tisa chini ya sifuri. Gari lilikataa kuwaka. Gordy ndiye aliyeliwasha kwa betri ya gari lake. Nikamshukuru kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nahesabu kadi.

Jumapili, 16 Februari

Kaiba nne.

Jumapili, 23 Februari

Kaiba sita. Norbert anakonda. Nimemwuliza tena, akanijibu kwa ukali ambao sijausikia tangu mwaka tuliouza shamba la baba yake. "Nimesema mwache! Wewe kazi yako ni kusalimia!" Haya bwana. Nimesalimia. Lakini siwezi kuwa kipofu kwa sababu yeye ni kipofu. Wanaume hawa wote, na wangu yumo, wako radhi waibiwe wakiwa wamekaa kuliko mtu mmoja asimame aseme.

Jumamosi, 8 Machi. Milwaukee

Naandika hotelini. Nimefanya lililotakiwa kufanywa.

Hili ndilo onyesho kubwa la majira yote. Wamejaa ukumbi mzima wa hoteli, mazulia mekundu, taa kali, na watu wale wale wachafu isipokuwa leo wamechana nywele. Kyler alikuja mapema, akatuuzia kadi moja tu, ya mchezaji wa Milwaukee wa mwaka wa hamsini na nne, kadi nzuri kuliko zote nilizoziona. Hata mimi ningeiweka ukutani. Norbert akaitia kwenye boksi.

Robo saa kabla ya milango, huyo! Gordy na tumbo lake.

"Habari za asubuhi, Gordy!" nikasema.

"Leo king'ora kimepata mafua? Mzee, lete boksi."

Nikamwacha achakure. Nikamwona akiinua kadi ya Milwaukee, akaiweka karibu na pua, akaacha kucheka. Kisha akaiingiza kwenye koti. Kadi ile! Damu ikanipanda kichwani, nikasimama mpaka kiti kikaanguka, nikamshika mkono ukiwa bado umo mfukoni.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi mkubwa we! Huoni hata aibu, unamwibia kipofu!"

Neno lile, kipofu, lilifika mpaka mwisho wa ukumbi. Nililisikia likifika. Wauzaji wote waliacha walichokuwa wakifanya. Norbert aligeuza uso wake kwangu, yaani pembeni yangu kidogo, kama anavyotazama siku hizi.

Lavern, mwandalizi wa maonyesho haya yote, akaja mbio na kipaza sauti chake mkononi. "Kuna nini hapa? Gordy? Ni kweli?"

Nilingoja Gordy aape. Nilingoja aseme mimi ni kichaa, au kwamba walikuwa wakibadilishana kwa hiari. Nilikuwa na majibu yote tayari. Gordy akanitazama, akamtazama Norbert, akatoa kadi mfukoni akaiweka juu ya meza, uso chini.

"Kweli," akasema. "Shemeji kaninasa. Tamaa tu."

"Tangu lini?" Lavern akauliza.

"Tangu mwanzo wa majira."

"Kusanya vitu vyako. Na usirudi kwenye meza zangu, hapa wala kwingine."

Gordy alikusanya. Hakuna aliyemsaidia. Mtu mmoja alimtemea maneno, mwingine akamwambia, "Kumwibia Norbert, we Gordy? Norbert?" Alipita na kigari chake cha maboksi mbele yetu, jasho linamtoka.

Nilidhani Norbert atanishika mkono. Amelala akiwa amenigeuzia mgongo, na viatu miguuni.

Jumapili, 9 Machi

Tumerudi nyumbani bila kufungua meza. Theluji inayeyuka, mashamba yote ni tope.

Jikoni nilimwekea mbele ile kadi ya Milwaukee. "Hii hapa. Nimekuokolea. Ungalikuwa umeshaikosa."

"Kalete nyingine ya mwaka huohuo," akasema. "Yoyote. Ile ya kwenye fremu, aliyonipa baba."

Nikaileta.

"Ziweke moja juu ya nyingine. Zilinganishe chini. Sasa tazama juu."

Nikatazama. Ya baba yake, iliyolika kona zote nne, ilichomoza juu ya ile nzuri. Kidogo sana, upana wa unywele, labda na nusu.

Sikutaka kuelewa. Nikasema labda kiwanda kilikosea. Norbert akavuta boksi, akapitisha vidole, akanitolea kadi moja kwenye kifuko kinene. "Hii ni ya Gordy. Itoe, ilinganishe." Ilikuwa sawasawa. Akanitolea nyingine, nyingine, nyingine. Zote za Gordy, zimechoka, kona zimelika, na zote ni nzima.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

"Mara ya kwanza nilidhani ananiibia, kama wewe. Halafu nikajiuliza, mwizi gani anaacha kadi kama aliyochukua? Nikaelewa. Kila nikigusa kifuko kinene, najua pale nilinunua kadi ya wembe, na Gordy akaitoa kabla sijamwuzia mtu. Kila kifuko kinene ni kosa langu moja." Akalisukuma boksi. "Unaona vilivyo vingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba macho uliyoniazima yananunua mizoga? Ulikuwa unafurahi kumsifu yule kijana."

Kyler. Kona zote kali, hakuna hata moja iliyolika. Nilisema mimi. Nilimkanyaga mguu mume wangu ili anunue. Nilikula biskuti!

"Na Gordy kwa nini hakusema? Pale mbele ya watu wote, kwa nini hakufungua domo lake hilo?"

"Aseme nini, Arlys? Aseme Norbert anauza kadi za wembe?" Norbert alisimama, akatafuta ukuta kwa mkono, jambo ambalo humu ndani hajawahi kulifanya. "Alichagua waseme yeye ni mwizi."

Nimekaa na kadi zile mbili mpaka kahawa ikapoa. Nimelia, na nimejichukia kwa kulia, kwa sababu hata kulia kwenyewe ni kwa ajili ya karatasi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Hajala.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Gordy. Hapokei.

Jumatano, 12 Machi

Nikasema nitakwenda mimi kwa Lavern nimweleze. Norbert akasema, "Ulishapaza sauti mara moja, inatosha. Hili ni jina langu. Nitalisema mimi." Ni maneno mengi kuliko ya siku zote mbili. Alikula mayai.

Ijumaa, 14 Machi

Samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Akamaliza. Amezitia kadi zote za wembe zilizosalia, ambazo Gordy hakuwahi kuzitoa, kwenye bahasha.

Jumamosi, 15 Machi. Fond du Lac, onyesho la mwisho

Ukumbi wa zimamoto. Tope mpaka mlangoni. Tulifika mapema, na Norbert alikwenda moja kwa moja kwa Lavern, akamwomba kipaza sauti. Niliketi nikaufunga mdomo wangu, kazi ngumu kuliko zote nilizofanya majira haya.

"Mimi sioni," akasema. Spika zile zilikwaruza. "Tangu Oktoba. Majira yote nimewadanganya. Na majira yote nimenunua kadi za wembe, baadhi ni hizi hapa, mzitazame mnapopita. Hakuna hata moja niliyomwuzia mtu, na hilo si kwa akili yangu. Kila asubuhi Gordy Pasch alizitoa kwenye boksi langu na kuniwekea zake, nzima, kutoka mfukoni mwake. Mke wangu alimwita mwizi, na yeye akakubali, ili ninyi msijue haya ninayowaambia sasa. Basi."

Nikasikia ka, ka, upande wa mashine ya kahawa. Norbert alisikia pia. Akageuka huko na kipaza sauti bado mdomoni.

"Na huyo anayefunga sanduku ndiye aliyeniletea nyingi za hizo. Habari za babu yako, Kyler?"

Walimfungulia njia kijana wangu mwenye adabu, pana kabisa, mpaka mlangoni. Shati lilikuwa limepigwa pasi hata leo.

Sitaandika kwamba walimpigia makofi Norbert, maana hawakumpigia. Wamekuja kuzitazama kadi, wamezigeuza, wamenong'onezana. Mmoja aliomba arudishe alichonunua Februari, akakipima kwa rula mbele yetu, kikawa sawa, akaondoka nacho bila kusema samahani. Watu ovyo. Lavern peke yake ndiye aliyekuja, akasema, "Ni Lavern, mzee," akamwekea Norbert mkono begani. Kisha akaniambia Gordy yuko nje.

Alikuwa kwenye gari lake, mwisho wa uwanja, injini inanguruma, dirisha limejaa mvuke. Anakula. Eti amefukuzwa lakini Jumamosi ilipofika hakujua aende wapi pengine. Niligonga kioo. Akakishusha kidogo.

"Shemeji, mimi siingii, niko barabarani tu," akasema. "Usipige kelele."

"Norbert amewaambia."

"Amewaambia nini?"

"Yote."

Akaacha kutafuna. "Mjinga huyo," akasema, na macho yakamjaa maji, akayafuta kwa karatasi yenye mafuta. "Nilishakubali, si nilishakubali? Alikuwa anataka nini tena?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima kutoka nyumbani. Nikaona haradali kwenye jezi ile, na maneno yakanipotea. "Samahani, Gordy," nikasema. "Njoo ndani. Baridi."

Alitembea nyuma yangu akivuta kigari. Watu walimpisha. Wawili au watatu walimgusa mkono, naye akawa mwekundu, akaanza kueleza habari za goti lake mtu asiyemwuliza. Alipofika mezani petu akasimama, kwa mara ya kwanza hakuegemea.

"Mzee. Ni Gordy."

"Najua," Norbert akasema. "Harufu ya jibini."

Zilibaki dakika chache milango ifunguliwe. Mijitu mizima miwili, imekodoa macho mezani kama imeitwa na mwalimu mkuu. Nikaona wakiachwa hivyo watakaa mpaka Pasaka. Nikainama, nikavuta lile boksi kutoka chini ya meza, nikamsukumia Gordy mpaka tumboni.

Akanitazama. "Naruhusiwa kuiba, shemeji?"

"Iba upesi," nikamwambia. "Wanafungua milango."